Nani Amempokea Mgonjwa?



Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kijana aitwaye Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha udaktari kisiwani Malta, kisha wakamleta huku awe katekista na mganga. Akakaa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kutibu watu wa mwambao na wa Ufipa, na hapa mjini Sumbawanga tunayo hospitali yenye jina lake.

Namtaja kwa sababu ya jambo moja lililomo katika namna yake ya kazi. Mgonjwa wa Atiman alikuwa na mganga mmoja. Aliyemwona jioni akitetemeka kwa homa ndiye aliyemkuta asubuhi ametulia au amezidiwa. Dawa iliyotolewa, saa iliyotolewa, mtoto wa ngapi huyu, mama alitoka damu uzazi uliopita au hakutoka: vyote vilikaa kichwani mwa mtu mmoja ambaye hakuwa na zamu wala likizo. Hakukuwa na wa kumkabidhi.

Hatuwezi kurudi huko na hatutaki. Mtu mmoja hawezi kupasua, kutoa usingizi, kupima damu, kuzalisha na kukesha na mtoto njiti kwa wakati mmoja. Tumefanya vema kugawana kazi. Lakini tulipogawana kazi tulimgawa na mgonjwa pia, na sehemu kubwa ya hatari inayompata siku hizi iko pale anapotoka mkono wa mmoja kwenda mkono wa mwingine.

Mhesabieni mikono mama mmoja wa mwambao wa Nkasi. Ana mimba ya kwanza, ameanza kuumwa kichwa na kuona maruerue. Mhudumu wa afya wa kijijini anampeleka kituo cha afya. Mkunga wa kituo anampima presha, anampa sindano, anaita gari. Dereva anampokea na muuguzi wa kumsindikiza, kama yupo. Hospitalini Namanyere wanampokea mapokezi, tabibu anamwona, mkunga wa wodi anakabidhiwa. Ikionekana hali inazidi, gari jingine linapanda naye hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 100 tangu alipoanzia. Hapa anakutana na mapokezi mengine, daktari wa zamu, timu ya upasuaji, wodi ya wazazi, zamu ya usiku, kisha zamu ya asubuhi. Figo zikianza kushindwa, anaanza safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kupitia Laela, Tunduma na Vwawa. Huyu ni mama mmoja, na mikono iliyomgusa inapita kumi kabla mwanawe hajafikisha siku tatu.

Kila mkono unaweza kuwa mwema na hodari, na mama huyo bado akafa kwa jambo ambalo mkono wa tatu ulilijua na mkono wa sita haukuambiwa.

Na mikono hii inazidi kuwa mingi kwa sababu nzuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 63 ya uzazi nchini unafanyika kwenye vituo vya kutolea huduma. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81. Katika tafiti hizohizo makadirio ya vifo vya wajawazito na wazazi yameshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni mafanikio ambayo wakunga wa nchi hii wanastahili kupongezwa hadharani. Lakini mama ambaye zamani angebaki nyumbani kwake Mtowisa au Kasanga sasa yuko njiani na wodini, akipita katika zamu zetu. Amekuja kwa sababu tulimwambia aje, na kwa hiyo kumpokezana vizuri ni deni letu.

Hebu nikae kidogo na mama huyu wa kifafa cha mimba, maana kwake ndipo jambo lote linaonekana. Dawa yake tunaijua sote: magnesiamu salfeti. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 polepole kwenye mshipa, na gramu 10 kwenye misuli, nusu kila tako. Kisha gramu 5 kwenye misuli kila baada ya saa 4. Ni dawa inayookoa, na ina ukali wake. Ikizidi mwilini, goti haliruki unapoligonga, pumzi zinapungua, na mwisho mama anaacha kupumua. Ndiyo maana kabla ya kila dozi mkunga anagonga goti, anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, anatazama mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na anakuwa na kalisiamu glukoneti karibu.

Sasa mama huyu amechomwa dozi ya kuanzia kituoni, na aliyemchoma ameandika kwenye karatasi iliyobaki kwenye droo ya kituo. Mkunga wa hospitali anapokea mama aliyepotewa na fahamu, na ndugu wanaosema tu kwamba "amechomwa sindano." Afanye nini? Akirudia dozi yote, anaweza kumzimisha. Asipompa, degedege litarudi. Hapo hakuna mzembe hata mmoja. Kilichopotea ni sentensi moja yenye mambo matatu: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.

Na hiyo saa ina mtego wake kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, ambao hautajwi katika vitabu vya wageni. Mkunga anasema dawa imetolewa saa moja na robo. Anayesikiliza anaandika "1:15" kwenye faili, kama alivyosikia. Anayesoma faili usiku, ambaye chuoni alizoeshwa saa za Kiingereza, anaielewa kuwa ni saa saba na robo usiku. Dawa ilitolewa saa moja na robo jioni. Dozi iliyofuata ilitakiwa saa tano na robo usiku. Yeye anaipangia saa kumi na moja na robo alfajiri. Mama amekaa saa 10 badala ya 4. Vivyo hivyo kwa sindano ya atesuneti ya mtoto mwenye malaria kali, inayotakiwa ianze, irudiwe baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Vivyo hivyo kwa chupa kupasuka, kwa mara ya mwisho mtoto kunyonya, kwa mkojo wa mwisho. Nimewafundisha wauguzi vijana kwa muda wa kutosha kujua kwamba wote wanalijua tatizo hili na wote wanadhani wao halitawapata. Dawa yake ni rahisi: anayesema aseme saa na kipande cha siku, yaani saa moja na robo jioni, na anayeandika aandike tarakimu nne, 1915. Siku nayo isemwe kwa tarehe, maana "Jumatano usiku" kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Jumatano na kwa mwingine ni usiku wa kuamkia Alhamisi.

Majina nayo yana mtego. Ufipa ni nchi ya ubatizo. Katika wodi moja ya wazazi unaweza kuwakuta akina Maria watatu na Mama Yohana wawili. Kumwita mtu "yule mama wa kitanda cha sita" ni hatari zaidi, kwa kuwa vitanda vinabadilishwa, na siku za msongamano wanalala wawili. Jina lote, umri na kijiji anachotoka: akitajwa kwa vitu hivyo vitatu hapotei.

Mwezi Mei mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 9 ya usalama wa mgonjwa, na mojawapo lilihusu mawasiliano wakati wa kumkabidhi mgonjwa. Shirika lilihimiza utaratibu mmoja unaofanana, nafasi ya kuuliza maswali, na anayepokea arudie alichosikia. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulisimamia leo. Nasema hivi: makabidhiano hayajafanyika mpaka anayepokea amerudia kwa mdomo wake mwenyewe alichokabidhiwa, na aliyekabidhi ameitikia kuwa ndivyo. Kabla ya hapo mgonjwa bado ni wa yule wa kwanza, hata kama ameshavua koti na kushika mkoba wake mlangoni.

Ili mtu aweze kurudia, lazima aliyoyasikia yawe na mpangilio anaoutarajia. Ndiyo kazi ya utaratibu mmoja. Nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani zilikuwa na namna fupi ya kutoa taarifa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari na wataalamu wa usalama wa shirika la afya la Kaiser Permanente, jimboni Colorado, waliichukua na kuifanya ya hospitali. Ina hatua nne: hali ilivyo sasa, ilipotoka, ninavyoiona mimi, na ninachoomba. Imeenea dunia nzima kwa sababu ya wepesi wake.

Kwangu mimi uzito wote uko katika ile hatua ya nne. Tazameni desturi yetu. Muuguzi wa miaka 24 anampigia simu usiku daktari wa umri wa baba yake. Ameanza na shikamoo, na ni haki yake kuanza hivyo. Lakini baada ya shikamoo anaanza kuzunguka: "Dokta, samahani kwa usumbufu, kuna mama hapa, hali yake siyo nzuri sana." Daktari anauliza, "Siyo nzuri vipi?" Anajibu, "Anatoka damu kidogo." Kwa heshima hasemi kwamba shuka la tatu limelowa na kwamba anataka daktari aje sasa hivi. Daktari analala tena akiamini ataitwa kama kuna neno. Wote wawili wamelelewa vizuri, na mama anaendelea kutoka damu. Utaratibu unapomwagiza muuguzi kwamba sentensi yake ya mwisho lazima ianze na "nakuomba", hana tena haja ya kuvunja heshima ili aseme ukweli. Si yeye anayemwamuru mkubwa. Utaratibu ndio unaomtaka aseme. Naye mkubwa, akishaujua, atamuuliza mwenyewe: "Unaniomba nini?"

Niwape mfano wa simu kama ningependa isikike kutoka kituo chochote cha mkoa huu. "Shikamoo Dokta. Mimi mkunga wa zamu. Namleta mama wa miaka 19, uzazi wa kwanza, mimba ya wiki 36. Amepata degedege mara moja, saa moja kamili jioni. Presha ni 170 kwa 110. Nimempa magnesiamu gramu 4 kwenye mshipa na 10 kwenye misuli, saa moja na robo jioni. Dozi inayofuata ni saa tano na robo usiku. Nahofia degedege litarudi njiani. Nakuomba mumwandalie kitanda na timu ya upasuaji; tunatarajia kufika saa nne usiku. Naomba unirudishie." Naye anarudia. Akikosea gramu au saa, anasahihishwa palepale. Soma maneno hayo kwa sauti uone kama yanafika dakika moja.

Mtaniuliza: hili lina ushahidi, au ni fasheni nyingine ya semina? Ushahidi upo. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa watoto, uliohusu wagonjwa 10,740 waliolazwa. Madaktari hao walifundishwa utaratibu mmoja wa kukabidhiana, unaomalizika kwa mpokeaji kurudia. Makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuzuilika yalipungua kwa asilimia 30. Muda wa makabidhiano haukuongezeka. Nalisisitiza hili la muda kwa sababu neno la kwanza ninalolisikia wodini kila mara ni kwamba hatuna muda.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi na kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali katika miji 8 ya dunia. Pamoja na London, Toronto, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila na Amman ilikuwamo Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile si ya makabidhiano peke yake, lakini moyo wake ni uleule: timu inasimama, inataja jina la mgonjwa kwa sauti, na kila mmoja anasema anachohofia kabla kisu hakijashuka. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba haya ni mambo ya nchi zenye fedha. Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, ilikuwamo katika kuyathibitisha.

Lakini mwaka 2014 ulitoka utafiti mwingine wenye fundisho chungu. Jimbo la Ontario, Kanada, lilikuwa limeagiza hospitali zake zote zitumie orodha ile. Watafiti wakazitazama hospitali 101, kabla na baada. Vifo havikupungua kwa kiwango cha maana. Karatasi ilijazwa, ripoti ikapelekwa juu, na hali ya mgonjwa ikabaki ilivyokuwa. Mimi nauamini utafiti huo kama ninavyouamini ule wa kwanza. Agizo lililoshuka kutoka ofisini bila watu kufundishwa, bila wakubwa kulitumia wao wenyewe, linazaa alama za vema kwenye visanduku. Sisi tuna rejista za MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, zinazojaa meza nzima. Mkunga aliye peke yake usiku na akina mama wanne wenye uchungu hahitaji rejista nyingine. Kwa hiyo siombi kitabu kipya. Naomba kitabu cha ripoti tulichonacho kiandikwe kwa mpangilio uleule, na fomu ya rufaa tuliyonayo ijazwe kwa mpangilio uleule, na maneno ya mdomoni yafuate hivyohivyo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari tunalo, ila kila mmoja analiandika kwa desturi ya chuo alikosoma.

Hapa kuna suala la lugha, na nitalisema wazi ingawa najua wengine hawatalipenda. Mgonjwa wa vijiji vya wilaya ya Nkasi au Kalambo anaeleza maumivu yake kwa Kifipa. Mfugaji aliyehamia Bonde la Rukwa anaeleza kwa Kisukuma. Ndugu yake anatafsiri kwa Kiswahili. Muuguzi anaandika kwa Kiingereza. Asubuhi anaripoti kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, na aliyepokea anaandika tena kwa Kiingereza. Habari moja imebadilishwa nguo mara nne kabla ya saa mbili asubuhi. Mimi napendekeza makabidhiano ya mdomo yafanyike kwa Kiswahili kitupu, majina ya dawa na vipimo yakibaki yalivyo, kwa sababu ni lugha ambayo muuguzi, dereva, mhudumu na ndugu wa mgonjwa wote wanaisikia. Faida ni kwamba ndugu aliyesimama pembeni anaweza kusema, "Hapana, sindano ile alichomwa kabla ya magharibi." Ndugu huyo ndiye mtu pekee aliyekuwapo tangu mwanzo wa safari. Zamu zote zimebadilika, yeye yupo. Mama mjamzito naye anayo kadi yake ya kliniki, anatembea nayo. Kumkabidhi mgonjwa kwa sauti ya chini na lugha ngeni mbele ya mtu anayeijua habari yote ni kutupa msaada uliokuja bila kuitwa.

Siri ya mgonjwa itunzwe, ndiyo. Mambo ya kuhifadhiwa yasemwe faraghani. Na hapo niguse simu zetu: makundi ya WhatsApp yameokoa wengi, lakini picha ya mgonjwa yenye jina lake haina haki ya kuzunguka kwenye kundi la watu 80, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nigeukie njia. Mwezi Aprili mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wa mfumo wa m-mama kwa nchi nzima, mfumo ulioanzia Kanda ya Ziwa. Namba ni 115, haina malipo. Mtu anapiga, anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa, anaamua mama apelekwe wapi, anatafuta gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa gari la kawaida aliyesajiliwa kijijini. Angalieni uzuri wake: tayari kuna watu nchini mwetu wanaopokea habari za mgonjwa kwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, usiku na mchana. Kinachobaki ni kwamba mpangilio ule usifie kwenye simu. Uendelee mpaka kwenye mlango wa wodi.

Na dereva asisahaulike. Dereva wa gari lililopanda kutoka bonde la Muze kwenye kona zile za ukingo, au kutoka Kasanga kupitia Matai, ameona mambo ambayo hakuna mwingine ameyaona: mama alipata degedege tukiwa wapi, mtoto aliacha kulia lini, dripu iliisha lini. Tunamwambia "asante, weka gari pale," na habari inaondoka naye. Aulizwe. Apewe nafasi ya sentensi mbili kabla hajawasha gari kurudi.

Njia zetu zina baridi pia. Mwezi wa sita na wa saba, uwanda huu wa Ufipa unapopigwa na upepo, mtoto mchanga aliyetoka joto la bonde la Rukwa anaweza kufika hapa juu mwili umepoa, na mtoto aliyepoa hapumui vizuri wala hanyonyi. Katika makabidhiano ya mtoto mchanga joto la mwili litajwe alipoondoka na alipofika, na atajwe nani alimbeba kifuani na kama ngozi ya mtoto iligusa ngozi ya mbebaji. Watu wa Dar es Salaam wakituletea fomu yao, sisi tuongeze mstari huo kwa mkono.

Mpaka hapa nimezungumzia kupanda: kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda. Lakini mahali tunapokosa zaidi ni kushuka. Mama amefanyiwa upasuaji wa uzazi hapa Sumbawanga. Siku ya nne anaruhusiwa, anarudi kijijini kwake Kalambo. Zahanati iliyompa rufaa haijui kama aliishi au alikufa. Mkunga aliyekesha naye, aliyekimbia kutafuta gari saa nane usiku, anapata habari sokoni. Tunamvunja moyo, na zaidi ya hapo tunamnyima elimu, kwa sababu hajui kama alichohofia kilikuwa kweli.

Na kuna hatari ya miaka miwili au mitatu ijayo. Kisu kilipita wapi kwenye mji wa mimba? Kama kilipita chini kwa kulala, mashauri ya uzazi ujao ni ya namna moja. Kama kilipita juu kwa kusimama, mama huyo hapaswi kusubiri uchungu kabisa, maana kovu linaweza kupasuka naye yuko kilomita nyingi na hospitali. Kovu la nje ya tumbo halionyeshi kovu la ndani. Anayejua ni aliyepasua, na neno lake lisipoandikwa kwenye karatasi anayoondoka nayo mama, limepotea. Mama atafika zahanati na mimba nyingine, ataulizwa, atajibu kwa ukweli wake wote: "Nilipasuliwa." Hana la kuongeza. Hilo lingine ilikuwa kazi yetu kumpa, kwa maandishi, na kumwambia kwa mdomo yeye na mumewe au mama yake, na kumtaka arudie kama tunavyotaka mganga mwenzetu arudie: uzazi ujao niende hospitali mapema, nisingoje uchungu. Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani amekabidhiwa kwake mwenyewe. Yeye naye ni mpokeaji.

Mniulize sasa tuanzie wapi. Tusianze mkoa mzima. Wodi moja, na ningechagua ya wazazi, makabidhiano ya asubuhi kutoka zamu ya usiku. Yafanyike kitandani kwa kila mgonjwa badala ya mezani kwa wote, maana kitandani dripu inaonekana imeisha, damu inaonekana, mama anasikia na anaweza kusahihisha. Walio hatarini waanze kutajwa, si kitanda namba moja kwa kuwa kiko karibu na mlango. Daktari mkubwa kuliko wote siku hiyo awe wa kwanza kurudia alichoambiwa na muuguzi, mbele ya vijana, ili waone kwamba kurudia si adhabu ya wadogo. Mwezi mmoja tu, kisha wenyewe waseme kilichowashinda, na mpangilio urekebishwe na wanaoutumia. Baada ya hapo ndipo simu za rufaa zifuate, kisha vituo vya afya, kisha zahanati, na mazungumzo na wenzetu wa Mbeya ili wanaotupokea wasikilize kwa mpangilio tunaozungumza.

Na katika vikao vya kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga, ambavyo tunatakiwa kuvifanya kila kifo kinapotokea, tumezoea kuuliza juu ya kuchelewa kwa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Maswali ni mazuri na yaendelee. Naomba liongezwe moja, liandikwe kwenye muhtasari na lijibiwe kwa kila hatua ya safari ya marehemu: nani alimkabidhi kwa nani, saa ngapi, na aliyepokea alirudia nini?